Limau halina kosa: nilivyompoteza mama mdogo kwa video ya dakika nne, na nilivyompata tena

#1 Muuguzi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuahirisha kwa muda kwa sababu sehemu ya mwanzo inaniuma kuisimulia, lakini naona zile video za "madaktari wanakuficha" zinazidi kusambaa, na humu ndani wengi tuna wazazi na wakubwa wetu wanaozipokea kila kukicha.

Mama mdogo wangu ana presha. Ameitumia dawa miaka mitatu, kidonge kimoja kila siku. Siku moja nimekwenda kumsalimia, nikakuta mezani glasi ya maji ya moto yenye kipande cha limau kinaelea, na pembeni pakiti ya dawa zake. Kwa mazoea ya kazi nikaichukua, nikaigeuza. Kwa tarehe ile vilitakiwa vimebaki vidonge vinne. Nilihesabu kumi na tisa.

Nikamuuliza. Akanionyesha video kwenye simu: mtu kavaa koti jeupe, anasema dawa za presha zinaharibu figo, na kwamba limau kwenye maji ya moto kila asubuhi "linasafisha mishipa" na kuondoa asidi mwilini. Dakika nne tu. Nikamkalisha, nikamwacha atulie dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nikampima. 184 kwa 108. Nikarudia: 180 kwa 106. Kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana, anajisikia vizuri kabisa. Presha ndivyo ilivyo, inakula mishipa ya ubongo, moyo na figo huku mwenyewe anacheka na wageni. Ndiyo maana karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo.

Nilichofanya baada ya hapo nilikosea. Nilipandisha sauti mbele ya watoto wake. Nikamwambia anaamini vitu vya kijinga. Jioni nikatuma makala tano kwenye kundi la familia ili kila mtu aone nani yuko sahihi. Kesho yake alijitoa kundini, na kwa siku tisa hakupokea simu yangu.

Siku ya kumi nilikwenda bila makala, bila mashine ya kupimia. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: "Mama mdogo, hiyo dawa ilikuwa inakusumbua nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: kikohozi. Kikohozi kikavu, hasa usiku, miezi saba mfululizo. Alikuwa anahamia kwenye kochi asimwamshe mumewe. Kwenye kliniki anakohudhuria alieleza, akaambiwa anywe maji mengi, basi. Halafu ikaja video inayosema dawa inamharibu polepole. Kwake yeye, yule wa koti jeupe ndiye mtu wa kwanza aliyekubali kwamba mwilini mwake kuna kitu hakiko sawa.

Na kikohozi kile ni cha kweli, wakuu. Dawa aliyokuwa anatumia ni ya lile kundi ambalo majina yake huishia na "pril". Zinajulikana kuleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na ufumbuzi wake ni daktari kubadilisha aina ya dawa. Tulikwenda wote, akabadilishiwa. Ndani ya wiki tatu kikohozi kimekwisha.

Kuhusu figo, yule wa video aligeuza ukweli miguu juu kichwa chini. Kinachoharibu figo ni presha yenyewe isipodhibitiwa. Ni moja ya sababu kubwa za figo kufeli. Dawa za kundi lile huandikiwa hata wagonjwa wa kisukari ili kuzilinda figo zao. Kweli, mtu anapoanza kuzitumia hupimwa damu kuangalia figo na madini ya potasiamu, na nadhani hapo ndipo uzushi unapopata pa kushika: "Kama hazina madhara, mbona wanakupima figo?"

Sasa limau. Limau lina heshima yake. Mwaka 1747 daktari wa meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, James Lind, alikuwa na mabaharia wenye kiseyeye: fizi zinaoza, nguvu zimekwisha, magoti hayabebi. Alichukua 12 wenye hali inayofanana, akawalaza sehemu moja, wakala chakula kimoja, akawagawa wawili wawili. Wawili akawapa siki, wawili maji ya bahari, wawili mvinyo wa tufaha, wawili matone ya tindikali, wawili mchanganyiko wenye kitunguu saumu na haradali, na wawili wa mwisho machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita. Lakini hao wawili walikuwa wameshainuka: mmoja akarudi kazini, mwingine akapewa kazi ya kuwauguza wenzake.

Fikirieni kama angewapa wote limau. Wangepona, na angeweza kusema ni limau, au hewa, au sala. Fikirieni pia kama angewapa wote siki. Angebaki kusimulia habari za yule mmoja aliyejisikia nafuu. Kilicholitoa limau kwenye kundi la tetesi ni wale wengine kumi.

Kwa hiyo mtu anaposema limau linatibu kiseyeye, namwambia ndiyo, na sababu tunaijua: vitamini C. Anaposema linashusha 184 mpaka 120, namuuliza wale kumi wako wapi.

Nitaendelea kujibu kadiri nitakavyopata nafasi, niko zamu za usiku wiki hii. Karibuni na nyie mlete yenu, hasa nyie mliowahi kumrudisha mtu.

#2 Mama Pacha

Dada, nimesoma mpaka machozi yamenilenga. Hicho kikohozi ninacho tangu mwezi uliopita na dawa yangu inaishia na hayo maneno. Sijaacha kumeza ila nilishaanza kuruka siku. Kesho naenda kuuliza.

#3 Muuguzi wa Zamu

Nenda mama, na usiruke siku mpaka utakapoonana na daktari. Mweleze kilianza lini na kinakuamsha mara ngapi usiku. Ukiwa na orodha ya dawa zako zote ibebe, hata za mitishamba.

#4 Kijana wa Mazoezi

Mkuu uzi mzuri. Ila naomba kuuliza kwa nia njema. Mimi nilifanya programu ya siku saba ya kuondoa sumu mwilini, juisi tu na chai yao ya unga. Nimepungua kilo 4 na ngozi imeng'aa. Hiyo siyo ushahidi? Mwili wangu mwenyewe, hakuna aliyenisimulia.

#5 Muuguzi wa Zamu

Kilo nne zimeondoka kweli, mzani haujakudanganya. Tuangalie zimekwenda wapi.

Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia takribani gramu tatu za maji. Ukila kidogo sana, siku mbili tatu za mwanzo unaitumia akiba ile, na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Kama chai yao ina majani ya kuharisha, utumbo nao umebaki mtupu. Ukirudi kula kawaida maji yanarudi, na utaambiwa urudie programu. Mafuta yenyewe yanayeyuka taratibu mno kuliko hivyo.

Kuhusu sumu, swali langu kwa muuzaji ni moja: inaitwaje? Sumu yenye jina inapimika, kabla na baada. Madini ya risasi yanapimika kwenye damu. Zebaki inapimika. "Sumu" isiyo na jina haiwezi kupimwa, kwa hiyo haiwezi kuthibitishwa kwamba ilikuwepo wala kwamba imetoka. Wakati huohuo figo zako zinachuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku na kurudisha karibu yote kwenye damu, na ini linavunjavunja pombe, dawa na uchafu wa mwili bila kusubiri juisi. Vikishindwa hivyo viwili, mtu hulazwa, anawekwa kwenye mashine.

Ngozi kung'aa sikubishii. Ulikunywa maji mengi, ulilala, uliacha pombe na vitu vya kukaanga wiki nzima. Hayo yaendeleze, hayana programu ya kulipia.

#6 Mbishi wa Hoja

Mwanzisha uzi nakuheshimu, lakini naona unawapamba sana wanasayansi. Hawa hawa walituambia mayai ni sumu, baadaye yakawa sawa. Walituambia mtoto asipewe karanga mpaka awe mkubwa, wakageuka. Na kampuni za sukari ziliwalipa watafiti wasafishe jina la sukari, hilo lipo kwenye rekodi. Sasa mama yangu akiamini video ya WhatsApp kosa lake nini? Wote wanasema tu.

#7 Muuguzi wa Zamu

Mkuu, ulichoandika ni kweli tupu na sitakizunguka.

La sukari: mwaka 1967 jarida kubwa la kitabibu la Marekani lilichapisha mapitio ya utafiti yaliyoisukumia mafuta lawama ya magonjwa ya moyo na kuipunguzia sukari. Waandishi walilipwa na taasisi ya wenye viwanda vya sukari, na msomaji hakuambiwa. Limekuja kujulikana 2016. Ni aibu, na watu waliumia.

La karanga: mwaka 2000 madaktari wa watoto Marekani walishauri watoto walio kwenye hatari ya mzio wasipewe karanga mpaka miaka mitatu. Mwaka 2008 ushauri ukaondolewa kwa kukosa ushahidi. Kisha 2015 ukatoka utafiti wa Uingereza uliofuatilia watoto wachanga 640 wenye hatari hiyo, nusu wakapewa vyakula vyenye karanga mapema, nusu wakaepushwa, mpaka umri wa miaka mitano. Waliopewa mapema mzio ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na wenzao. Ushauri ukageuzwa kabisa. Maana yake kwa miaka kadhaa wazazi waaminifu walifuata ushauri ambao huenda uliongeza tatizo.

Ila ninaomba uangalie nani aliyetuambia. La sukari lilifichuliwa na watafiti waliokwenda kufukua barua za zamani kwenye makavazi, na likachapishwa kwenye jarida la madaktari. La karanga liligunduliwa na madaktari walioona takwimu hazikai sawa. Yule wa koti jeupe wa mama mdogo, nimepitia video zake zaidi ya thelathini. Sijaona hata moja anayosema "mwaka jana nilikosea hapa". Video ya limau ipo, na ya siki ipo, na ya kitunguu saumu ipo, zote zinatibu presha, zote kwa uhakika uleule.

Halafu limau lenyewe lina funzo kwa upande wetu pia. Baada ya Lind, jeshi la majini la Uingereza lilichelewa mpaka 1795 ndipo likaanza kuwagawia mabaharia maji ya limau. Karne iliyofuata wakabadilisha, wakaweka ndimu, wakiamini kinachotibu ni ule uchachu. Ndimu ina vitamini C pungufu kuliko limau, na namna walivyoihifadhi ikaipunguza tena. Msafara wao wa kwenda ncha ya kaskazini mwaka 1875 ukapigwa na kiseyeye upya, na ndimu ziko ghalani. Dawa walikuwa nayo mkononi wakaipoteza kwa sababu walikuwa na maelezo mabaya. Kwa hiyo sisemi wataalamu hawakosei. Nasema uliza wanafanya nini wakikosea.

#8 Mbishi wa Hoja

Hapo nimekuelewa. Sijakubali yote ila nimekuelewa.

#9 Mama wa Mmoja

Mimi sina maneno mengi. Mwanangu ana kisukari tangu akiwa na miaka sita, anachoma insulini. Ndugu wa mume wangu ameleta mtu anayesema kuna vyakula akivifuata mwezi mmoja insulini inaachwa. Anasema ameshaponya wengi na ana video zao. Mume wangu ameanza kuyumba. Naandika hapa kwa sababu naogopa kulala.

#10 Muuguzi wa Zamu

Mama, usiache sindano hata moja. Hilo kwanza, mengine yafuate.

Kisukari cha aina ya 1 ni pale kongosho limepoteza chembe zinazotengeneza insulini. Hakuna chakula kinachozirudisha. Kabla ya 1922 watoto hawa walikuwa wanakufa wote, wengine baada ya kuwekwa kwenye mlo mkali wa njaa ili waongeze miezi. Januari mwaka huo, hospitalini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, amebaki mifupa na ngozi, alichomwa insulini. Sindano ya kwanza haikufaa kitu, dawa ilikuwa chafu. Waliisafisha, wakamchoma tena baada ya siku kumi na mbili, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Kila mtoto wa aina ya 1 anayekwenda shule leo anatembea juu ya daraja lile.

Akikosa insulini, mwili unaanza kuchoma mafuta ovyo na damu inajaa asidi kwelikweli. Dalili zake zijue na mumeo azijue: kiu isiyokatika, kukojoa mno, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na haraka, pumzi kunuka kama matunda yaliyoiva sana. Ukiona hivyo ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Sasa zile video. Huenda wengine ni watu wa kweli na hawadanganyi, na hili mume wako alisikie, kwa sababu akiambiwa "wote waongo" na yeye amewaona kwa macho, hatakuamini wewe. Kisukari cha aina ya 2 ni ugonjwa mwingine. Huko uzito ukipungua sana, sukari inaweza kurudi kwenye kawaida bila dawa. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa 2017 uliwaweka watu wa aina ya 2, wenye ugonjwa usiozidi miaka sita na wasiotumia insulini, kwenye mlo wa takribani kalori 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka asilimia 46 walikuwa hawana haja ya dawa. Ni habari njema mno. Haimhusu mwanao hata kidogo. Yule mtu anachukua ukweli wa ugonjwa mmoja anaubandika kwenye ugonjwa mwingine wenye jina moja.

Mwambie mume wako aje nawe kliniki, amuulize daktari mwenyewe kwa mdomo wake: "Mwanangu ni aina ya ngapi, na tukiacha insulini nini kitatokea?" Asikie kwa sikio lake. Na ukitaka kuandika usiku, andika, nitakuwa macho.

#11 Mama wa Mmoja

Asante dada. Nimemsomea aya ya aina ya 1 na aina ya 2. Amenyamaza, kisha ameuliza kliniki ni siku gani.

#12 Mwalimu wa Hesabu

Nimeguswa, na naomba nichangie kwenye eneo langu, maana uzushi mwingi siyo uongo, ni hesabu iliyokatwa nusu.

Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, soseji na wenzake, zinasababisha saratani. Ikasambaa: "Soseji sawa na sigara! Hatari inaongezeka asilimia 18!" Namba ni ya kweli. Ni kwa kila gramu 50 unazokula kila siku. Lakini asilimia 18 ya nini? Uingereza, kati ya watu 1,000, takribani 61 hupata saratani ya utumbo mpana maishani. Walaji wa chini kabisa wa nyama hizo ni kama 56, walaji wa juu kabisa kama 66. Kumi zaidi kwa elfu. Si kitu cha kudharau, ni familia kumi. Lakini sigara ni jambo jingine kabisa, na shirika lile liliweka soseji na sigara kundi moja kwa uimara wa ushahidi, siyo kwa ukubwa wa hatari.

Wanafunzi wangu nawafundisha maswali mawili tu wakiona "inaongeza mara mbili" au "inapunguza nusu": kutoka ngapi hadi ngapi? Na kati ya watu wangapi?

#13 Mfamasia Mstaafu

Mwalimu, nakazia. Nami niongeze moja kwa wanaosema "vitamini ni vitamini, ikizidi haidhuru". Ushahidi wa kwanza ulikuwa mzuri: walaji wa mboga na matunda yenye beta-karotini (kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A) huugua saratani ya mapafu mara chache kuliko wengine. Wakatengeneza kidonge. Finland wakawajaribu wanaume wavutaji zaidi ya 29,000. Majibu yakatoka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Marekani walikuwa na jaribio la namna hiyohiyo. Wakalisimamisha 1996 kabla ya muda wake kwa sababu waliona madhara yaleyale. Nilikuwa nauza vidonge vile miaka ile kwa moyo safi. Kula karoti yako, lakini mvutaji wa sigara asinunue kidonge hicho.

#14 Msomaji Kimya

Huwa nasoma tu, leo nimejiunga kwa ajili ya swali hili. Nimesikia ukimsahihisha mtu ndiyo unamfanya ang'ang'anie zaidi. Je, tunyamaze? Na video ikija, mtu asiye mtaalamu ataijuaje bila kusoma udaktari?

#15 Muuguzi wa Zamu

Karibu sana. Hilo la kung'ang'ania lilitokana na utafiti wa 2010, likasambaa kwa sababu linafanana na tunayoyaona nyumbani. Mwaka 2019 watafiti wengine walichapisha majaribio na watu zaidi ya 10,000 kwenye mada 52, wakakuta hilo jambo karibu halionekani. Watu wengi wakipewa ukweli husogea kuufuata, japo kidogo. Mama mdogo hakung'ang'ania kwa sababu nilimpa ukweli. Alijitoa kundini kwa sababu nilimwaibisha mbele ya wanawe. Hayo ni mambo mawili.

Kwa hiyo usinyamaze. Ila kuna utaratibu. Anza na ukweli wenyewe kwa sentensi fupi. Kisha utaje uzushi mara moja tu, na kabla hujautaja mwambie kwamba unachotaka kusema sasa si kweli, kwa maana jambo likirudiwarudiwa akili huanza kulizoea na kulihesabu kweli. Onyesha ujanja ulipo. Malizia na ukweli tena. Makala zangu tano zilianza zote na kichwa kinachorudia uzushi kwa herufi kubwa.

Na usiache shimo. Ukimwambia "limau halitibu presha" ukaondoka, umemwachia kikohozi chake bila maelezo, na atatafuta maelezo mengine. Mpe jibu la kujaza pale ulipong'oa.

Kuhusu kuitambua video: watafiti wa chuo kikuu cha Stanford mwaka 2017 waliwalinganisha wahakiki wa habari, maprofesa wa historia na wanafunzi, namna wanavyopima ukurasa wa intaneti. Maprofesa, na elimu yao yote, wengi walibaki kwenye ukurasa uleule wakiusoma kwa makini, wakadanganywa na nembo nzuri. Wahakiki waliutoka ukurasa ndani ya sekunde chache, wakafungua kurasa nyingine kuangalia wengine wanasema nini kuhusu mwenye huo ukurasa. Basi video ikija, isimamishe. Usiichambue. Tafuta jina la msemaji nje ya video yake. Yule wa mama mdogo ilinichukua dakika mbili: hayumo kwenye rejista yoyote ya madaktari niliyoweza kuifungua, na chini ya kila video kuna kiungo cha kununua unga wa limau.

Kingine ninachokiangalia mimi mapema kuliko vyote: je, inamwambia mtu aongeze kitu, au aache kitu? Kunywa maji ya limau, sawa, labda meno yatalalamika. "Acha dawa" ndipo nasimama. Kuna utafiti wa Marekani wa 2018 kuhusu wagonjwa 281 wa saratani ambazo hazijasambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake wakaacha za hospitali. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao wanaofanana nao waliotibiwa hospitalini. Kwa wenye saratani ya matiti, zaidi ya mara tano. Mitishamba yao huenda haikuwadhuru chochote.

#16 Msomaji Kimya

Asante. Mara mbili na nusu. Naenda kumpigia dada yangu.

#17 Muuguzi wa Zamu

Wakuu, narudi baada ya wiki sita na mrejesho, mliniuliza wengi kwenye ujumbe binafsi.

Mama Pacha amebadilishiwa dawa. Mama wa Mmoja ameniandikia kwamba mume wake sasa ndiye anayechoma sindano ya asubuhi.

Mama mdogo jana nilimpima: 136 kwa 84. Yuko kwenye dawa mpya, chumvi amepunguza, na ile glasi ya limau bado ipo mezani, anaipenda, sijaigusa. Amerudi kundini. Leo saa kumi na mbili asubuhi amenitumia video nyingine, safari hii ni ya mbegu zinazoondoa mawe kwenye figo, na chini yake ameandika: "Huyu nimemtafuta jina sijampata. Wewe unasemaje?"

Nimefungua. Ninaiangalia sasa hivi.